Foleni ya Chumba cha Upasuaji: Tuhesabu Kabla ya Kulaumu

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu hospitalini kwenda kupasuliwa ngiri. Alikuwa ameamriwa asile wala asinywe kitu tangu saa 6 usiku. Saa 1 asubuhi tulikuwa tumekwisha kufika, na jina lake lilikuwa la nne katika orodha ya wagonjwa watano wa siku hiyo. Yapata saa 4 aliletwa mama mjamzito aliyekuwa katika hatari, akatangulizwa. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyenung'unika, maana hiyo ilikuwa haki yake. Saa 7 akaletwa kijana aliyevunjika paja katika ajali ya pikipiki. Saa 9 alasiri muuguzi alitoka, akatuambia kwa upole kwamba orodha ya siku ile imefungwa na kwamba turudi juma lijalo. Mjomba wangu alirudi mara tatu kabla ya kupasuliwa. Kila safari ilimgharimu nauli, siku ya kazi shambani, na usiku mzima wa njaa.

Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani, abiria wenzetu katika basi walitoa hukumu zao. Mmoja alisema madaktari ni wavivu. Wa pili alisema pana rushwa. Wa tatu akasema vyumba ni vichache, Serikali ijenge vingine. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nami nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimeshinda nje ya mlango ule siku nzima na nilikuwa nimeona kwamba chumba hakikukaa bure hata nusu saa. Swali moja lilinisumbua: ikiwa kila mtu alikuwa kazini na kila saa ilitumika, foleni ile ilitoka wapi?

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba swali hilo lina jibu, na kwamba jibu lenyewe ni la kihisabati. Maoni yangu ni haya: mara nyingi wagonjwa wetu husubiri si kwa sababu watu hawafanyi kazi, bali kwa sababu tumejizoeza kuijaza orodha ya upasuaji mpaka pomoni, tukiamini kwamba chumba kilichojaa ndicho chumba kinachotumika vema. Imani hiyo ina kosa, na kosa hilo linaweza kuonyeshwa ubaoni na mwanafunzi wa sekondari.

Elimu iliyoanzia kwenye simu

Elimu inayochunguza foleni huitwa nadharia ya foleni. Haikuanzia hospitalini. Ilianzia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mikononi mwa Agner Krarup Erlang, aliyezaliwa mwaka 1878. Yafaa walimu wajue kwamba Erlang alikuwa mwalimu mwenzao: baba yake alikuwa mwalimu wa kijijini, naye mwenyewe, baada ya kuhitimu chuo kikuu mwaka 1901, alifundisha shuleni kwa miaka kadhaa. Mwaka 1908 aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Kampuni hiyo ilikuwa na tatizo ambalo kwa sura yake ya ndani ni lile lile la hospitali zetu. Watu hupiga simu wakati wowote wapendao; mmoja huongea dakika moja, mwingine dakika ishirini. Je, kampuni iweke nyaya ngapi ili wateja wasizuiwe mno, na fedha nazo zisipotee katika nyaya zisizotumika?

Mwaka 1909 Erlang alichapisha makala yake ya kwanza juu ya jambo hilo, na mwaka 1917 akatoa kanuni ambazo wahandisi wa simu wanazitumia hata leo. Alitumia hesabu za uwezekano zilizokuwa zimeandaliwa na Mfaransa Siméon Denis Poisson katika kitabu cha mwaka 1837. Baadaye wengine waliipanua kazi hiyo, na mwaka 1952 mtakwimu Mwingereza Norman Bailey aliiingiza hospitalini. Bailey alichunguza kliniki za wagonjwa wa nje nchini Uingereza, ambako wagonjwa wengi waliitwa mapema na kwa pamoja ili daktari asikose mtu wa kumtibu hata dakika moja. Alionyesha kwa hesabu kwamba kuokoa dakika chache za daktari kulikuwa kunawapotezea wagonjwa saa nyingi. Alishauri kwamba wagonjwa wawili waitwe mwanzoni, na waliosalia waitwe mmoja mmoja kwa vipindi vinavyolingana na wastani wa muda wa kumwona mgonjwa. Msomaji atajiuliza mwenyewe ni kliniki ngapi anazozijua ambako watu mia moja bado huambiwa wote wafike saa 1 asubuhi.

Mgonjwa mmoja zaidi

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe. Tuchukue hospitali ya kubuni yenye chumba kimoja cha upasuaji wa dharura, kilicho wazi usiku na mchana. Kila upasuaji, pamoja na kusafisha chumba, huchukua muda wa saa 2 kwa wastani. Basi kwa siku moja yenye saa 24 chumba kina uwezo wa kuhudumia wagonjwa 12. Mtu asiyejua nadharia hii atasema: wakiletwa wagonjwa 11 kwa siku hapatakuwa na tabu, maana nafasi moja itabaki.

Lakini wagonjwa wa dharura hawafiki kwa saa. Uchungu wa kuzaa, ajali ya barabarani na kidole tumbo havishauriani. Pengine wagonjwa watatu wataletwa katika saa moja, kisha saa sita zipite bila mtu. Saa hizo sita zilizopita chumba kikiwa kitupu haziwezi kuwekwa akiba zikatumiwa kesho. Isitoshe, upasuaji mmoja humalizika kwa dakika 40 na mwingine huchukua saa 5. Kubadilikabadilika huku kwa namna mbili, yaani katika kufika na katika kuhudumiwa, ndiko kunakozaa foleni.

Tuite m sehemu ya siku ambayo chumba kina shughuli. Wakiletwa wagonjwa 6 kwa siku, m ni 6 kwa 12, yaani nusu. Ikiwa wagonjwa hufika kwa bahati tu, na muda wa upasuaji nao hubadilika sana, nadharia hutupatia kanuni hii: wastani wa muda wa kusubiri ni muda wa upasuaji mmoja, mara m, gawanya kwa (1 − m). Tuijaze kanuni hiyo:

Wagonjwa 6 kwa siku: kusubiri saa 2.
Wagonjwa 8 kwa siku: kusubiri saa 4.
Wagonjwa 9 kwa siku: kusubiri saa 6.
Wagonjwa 10 kwa siku: kusubiri saa 10.
Wagonjwa 11 kwa siku: kusubiri saa 22.
Wagonjwa 12 kwa siku: foleni haina mwisho, hukua siku hata siku.

Naomba msomaji aitazame tena orodha hiyo. Kutoka wagonjwa 8 hadi 9, ongezeko la mtu mmoja limeongeza saa 2 za kusubiri. Kutoka 10 hadi 11, ongezeko lile lile la mtu mmoja limeongeza saa 12. Madaktari ni wale wale, bidii ni ile ile, na chumba hakijajaa bado. Waliokuwa wakisifiwa mwezi uliopita sasa watatukanwa, na wao wenyewe hawatajua walikosea wapi. Hili ndilo jambo ambalo abiria wenzangu katika lile basi hawakulijua: karibu na ukomo wa uwezo, foleni hairefuki polepole bali huruka.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Lakini kwa mama ambaye mtoto wake amekwama, au kwa mgonjwa ambaye kidole tumbo chake kimepasuka, subira ya saa 22 haivuti heri yoyote. Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu The Lancet iliyochunguza upasuaji duniani ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawakuwa na njia ya kupata upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoimudu, na kwamba kila mwaka dunia ilihitaji upasuaji mwingine milioni 143 zaidi ya uliokuwa ukifanyika. Tume hiyo ilipendekeza kwamba angalau asilimia 80 ya watu waweze kuifikia ndani ya saa 2 hospitali yenye uwezo wa kufungua tumbo, kumzalisha mama kwa upasuaji, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Pendekezo hilo ni jema. Walakini hesabu yetu inaonyesha kwamba safari ya saa 2 yaweza kufuatiwa na kungoja kwa saa 22 nje ya mlango. Barabara na gari la wagonjwa ni nusu ya safari tu. Nusu ya pili iko ndani ya hospitali.

Kuunganisha na kutenga

Nadharia hii haituonyeshi ugonjwa tu; inatuonyesha na dawa. Nitataja tatu, zote zikiwa hazihitaji jengo jipya.

Dawa ya kwanza ni kupunguza kubadilikabadilika. Felix Pollaczek mwaka 1930, na Mrusi Aleksandr Khinchin mwaka 1932, walionyesha kwamba muda wa kusubiri hutegemea pia jinsi muda wa huduma unavyotofautiana. Lau kila upasuaji ungechukua saa 2 kamili, kusubiri katika mfano wetu kungepungua kwa nusu: wale wagonjwa 11 wangengoja saa 11 badala ya 22. Upasuaji hauwezi kulinganishwa sawasawa kama matofali, lakini ucheleweshaji mwingi si wa kisu. Ni ufunguo uliopotea, shuka ambazo hazijaletwa, mgonjwa ambaye hakupimwa damu jana. Huo waweza kuondolewa.

Dawa ya pili ni kuunganisha foleni zinazofanana. Tuseme hospitali ina vyumba viwili vya dharura, kimoja cha jengo la mashariki na kingine cha magharibi, kila kimoja kikiwa na foleni yake ya wagonjwa 10 kwa siku. Kila mgonjwa atangoja saa 10 kwa wastani. Sasa foleni hizo ziunganishwe ziwe moja ya wagonjwa 20, na chumba chochote kitakachokuwa wazi kwanza kimpokee aliye mbele. Wastani wa kusubiri utashuka hadi saa 4 na dakika 33 hivi. Hakuna aliyeongezwa wala kilichonunuliwa. Sababu yake ni nyepesi: foleni zikiwa mbili, hutokea chumba kimoja kikalala ilhali watu wanangoja mlangoni pa cha pili. Foleni ikiwa moja, jambo hilo haliwezekani.

Dawa ya tatu ni kutenga nafasi ya dharura, na hapa msomaji makini atanikatiza: "Umetuambia tuunganishe, sasa watutaka tutenge?" Ndiyo, maana zinazofaa kuunganishwa ni foleni zenye tabia moja, na mgonjwa wa dharura na mgonjwa wa kupangwa hawana tabia moja. Wa kwanza haji kwa miadi wala hawezi kungoja. Wa pili aweza kupewa siku na saa, akangoja nyumbani kwake. Tukiwachanganya katika chumba kimoja kilichojaa, kila dharura humng'oa mgonjwa aliyefunga tangu usiku, kama alivyong'olewa mjomba wangu.

Kuna mfano wa kweli. Mwaka 2002 hospitali ya St. John's katika mji wa Springfield, jimbo la Missouri nchini Marekani, ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji, na vyote vilikuwa vimejazwa. Dharura zilipoingia, ratiba ilivurugika. Upasuaji wa kupangwa ulisukumwa hadi usiku, na watumishi walichoka. Mshauri mmoja aliwaambia watenge chumba kimoja kisipangiwe mtu, kingojee dharura. Madaktari walipinga. Walisema: vyumba havitutoshi, nawe wataka kutunyang'anya kimoja? Hata hivyo walijaribu, na idadi ya upasuaji uliofanyika iliongezeka badala ya kupungua, na kazi za usiku zikapungua. Vile vyumba 31 viliweza kufuata ratiba bila kukatizwa, na hilo lilifidia chumba kilichotengwa na kuzidi.

Hata hivyo tusiige kwa macho yaliyofumbwa. Hospitali yenye vyumba 32 ikitenga kimoja imetoa sehemu ndogo mno ya uwezo wake. Hospitali ya wilaya yenye vyumba viwili ikitenga kimoja imetoa nusu. Kwa hospitali kama hiyo yafaa kutenga saa, si chumba. Badala ya kuandika majina matano katika orodha ya siku, ziandikwe nafasi nne, na ya tano iachwe kwa ajili ya dharura ambayo, ingawa hatujui jina lake, tunajua kwamba itakuja. Daftari la mwaka uliopita litatuambia idadi ya nafasi hizo. Ikitokea siku dharura haikuja, aitwe mgonjwa anayeishi karibu aliyekubali kuitwa ghafula.

Chungu hakikai juu ya mafiga mawili

Wako watakaosema kwamba yote haya ni mapambo, na kwamba dawa ya kweli ni kujenga vyumba zaidi. Sina ugomvi na ujenzi. Wagonjwa wanapofika kwa wingi kupita uwezo wa huduma, hakuna ratiba itakayowaokoa. Mstari wa wagonjwa 12 katika orodha yetu unasema hivyo bila kificho, na mtu anayetumia hisabati kuficha upungufu wa fedha anaidhulumu hisabati. Lakini tujue tunajenga nini.

Upasuaji ni chungu kinachokaa juu ya mafiga. Pana chumba, pana daktari mpasuaji, pana mtaalamu wa usingizi, pana vyombo vilivyotakaswa, pana damu, na pana kitanda cha kumlaza mgonjwa akitoka. Figa moja likikosekana, mengine hayasaidii. Hospitali yenye vyumba vinne na mtaalamu mmoja wa usingizi ina chumba kimoja tu, hata ikiwa milango ni minne. Mwaka 2018 Tanzania ilizindua mpango wa taifa uliounganisha upasuaji, huduma za uzazi na huduma za usingizi, na naona kwamba kuziweka huduma hizo pamoja kulikuwa ni kutambua jambo hili hili.

Kwa kutafuta figa lililopungua ipo kanuni moja rahisi kuliko zote, iliyothibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961: idadi ya walio ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Wodi ikipokea wagonjwa 4 kwa siku, na kila mmoja akilala siku 7 kwa wastani, kutakuwa na wagonjwa 28 kwa wastani. Tukiweka vitanda 28 kamili tumekosea, kwa sababu huo ni wastani, si ukomo. Ikiwa wagonjwa hufika kwa bahati, idadi yao itapanda na kushuka kwa kiasi kinacholingana na kipeuo cha pili cha 28, yaani 5 hivi. Kwa hiyo siku nyingi itakuwa kati ya 23 na 33. Siku walipo 33 na vitanda ni 28, upasuaji utasimama ingawa chumba, daktari na damu vyote vipo. Lakini tukiweza kufupisha ulazaji kutoka siku 7 hadi 5, kwa mfano kwa kumpima mgonjwa kabla hajalazwa, wastani utashuka hadi vitanda 20. Tumepata vitanda 8 bila seremala.

Kanuni hiyo hiyo hutuambia urefu wa kungoja. Ikiwa orodha ya ngiri ina majina 90, na kila juma hupasuliwa 6, anayeandikishwa leo atangoja majuma 15. Mgonjwa angeambiwa hivyo waziwazi, angepanga kilimo chake, naye asingekuja kila Jumatatu kubahatisha.

Tena si kila msongamano umeletwa na Mungu. Eugene Litvak, mtafiti wa Boston, ameandika mengi kuonyesha kwamba hospitalini kuna kubadilikabadilika kwa namna mbili: kule kwa asili, kama ajali na uchungu wa kuzaa, na kule tunakokutengeneza wenyewe. Tukiupanga upasuaji mkubwa wote mwanzoni mwa juma, wodi itafurika Jumatano na kuwa na nafasi Jumapili. Foleni ya namna hiyo imeandikwa kwa kalamu, na kwa kalamu yaweza kufutwa.

Je, hesabu ina huruma?

Rafiki yangu mmoja muuguzi aliniambia kwamba binadamu si simu, na kwamba haipendezi kumfanya mgonjwa kuwa herufi katika kanuni. Nalichukua onyo lake kwa uzito. Nadharia ya foleni haiwezi kutuambia nani atangulie. Yaweza kusema tu kwamba chumba kikiwa kimoja na kazi ikiwa ile ile, kumtanguliza mmoja ni kumrudisha nyuma mwingine. Kungoja hakufutiki, kunahamishwa. Kuamua kuhamishie kwa nani ni kazi ya utabibu na ya uadilifu. Ni haki mama aliye hatarini amtangulie mwenye ngiri. Si haki mwenye jamaa wa cheo amtangulie asiye na jamaa, na hapo foleni iliyoandikwa na kuhesabiwa wazi ni kinga ya mnyonge, kwa sababu hila hupenda mahali pasipo na daftari.

Wala si kweli kwamba asiyehesabu ndiye mwenye huruma zaidi. Yule aliyeandika majina matano katika orodha ya mjomba wangu bila shaka alikuwa na huruma. Hakutaka kumkatalia mtu. Lakini orodha yake iliahidi kisichowezekana, na gharama ya ahadi hiyo ililipwa na mzee mwenye njaa.

Kazi ya shule zetu

Nawageukia sasa walimu wenzangu na wanafunzi. Jambo hili laweza kufundishwa kwa dadu moja na karatasi. Kila kundi lichore meza moja ya upasuaji. Katika kila kipindi, kama kuna mgonjwa mezani, rusheni dadu: ikionyesha 1, 2, 3 au 4 upasuaji umekwisha, ikionyesha 5 au 6 unaendelea. Kisha rusheni tena: ikionyesha 1 au 2, mgonjwa mpya amefika. Mgonjwa huyo ataingia mezani kipindi kifuatacho kama meza i wazi. La sivyo ajiunge na foleni. Andikeni kila mmoja alingoja vipindi vingapi. Fanyeni hivyo kwa vipindi 60.

Baada ya hapo badilisheni jambo moja tu: mgonjwa afike dadu ikionyesha 1, 2 au 3. Wagonjwa wataongezeka kwa nusu. Makundi kumi yakijumlisha matokeo yao, na zoezi likirudiwa mara nyingi, wastani wa kungoja utakaribia kutoka nusu kipindi hadi kipindi kimoja na nusu, yaani mara tatu. Makundi hayatapata jibu moja, na mwalimu asihuzunike kwa hilo: tofauti baina ya makundi ndiyo somo lenyewe. Kundi lililopata foleni ndefu halikuwa vivu kuliko lile lililopata fupi.

Kwa hospitali zetu ombi langu ni dogo. Kwa kila mgonjwa wa upasuaji ziandikwe saa tatu: saa uamuzi wa kumpasua ulipotolewa, saa alipoingia chumbani, na saa alipotoka. Kwa saa hizo tatu, zikikusanywa kwa mwaka mmoja, mtu mwenye kalamu aweza kukadiria m ya chumba, kujua figa lililopungua, na kupendekeza idadi ya nafasi za kuachwa wazi. Pasipo saa hizo, kila mjadala wetu utakuwa kama ule wa ndani ya basi.

Mkubwa wa hospitali atakayepita mbele ya chumba cha upasuaji saa 5 asubuhi akakikuta kitupu, kimesafishwa, na mtaalamu wa usingizi ameketi, asikimbilie kuuliza kwa nini watu hawafanyi kazi. Aulize kwanza kama nafasi ile imetengwa kwa hesabu. Ikiwa imetengwa hivyo, basi wale watu wako kazini: wanamngoja mgonjwa, ili mgonjwa asiwangoje wao.